Unga wa Mbao Usilale Nyumbani

Zamani seremala wa pande za Fizi alifanya kazi yake chini ya mwembe. Alikuwa na msumeno wa mkono, randa na patasi. Unga wa mbao ulianguka miguuni pake, mzito kama pumba za mpunga, na jioni ulifagiwa ukaisha. Sasa sivyo. Watu wakiongezeka mahali, vitanda na milango hutakiwa, na mahali kama Lusenda, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, paliongezeka watu kwa ghafula mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipopokewa kambini. Fundi mwenye jenereta ndogo na msumeno wa umeme aweza kumaliza kwa saa moja kazi ya siku nzima. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini mvua inyeshapo, au ahofupo wezi, huingiza chombo chake ndani ya nyumba, na hapo ndipo shida ianzapo.

Msumeno wa mviringo huzunguka mara elfu kadha wa kadha kwa dakika moja. Meno yake hayapasui ubao tu, bali huusaga. Unga ulio mzito huanguka chini. Ule ulio laini kabisa, usioonekana ila katika mwali wa jua upenyao dirishani, huelea hewani kwa saa nyingi. Fundi amekwisha kunawa mikono, chakula kimepakuliwa, mtoto amelazwa mkekani, na unga ule ungali ukishuka polepole juu ya vyote.

Je, wadhuru kweli? Wazee wa kazi hii wajua ya kuwa vumbi la mvule, ambao wengine huuita muvula, huwasha macho na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Lakini liko jambo kubwa zaidi, nalo lilijulikana mbali na huku. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, uliosifiwa kwa viti vyake, waganga waliona ya kuwa saratani moja ya ndani ya pua, iliyo adimu sana kwa watu wengine, iliwapata mafundi wa samani mara nyingi kupita kiasi. Donald Acheson, Esme Hadfield na wenzao walitangaza habari hiyo mwaka 1968. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa hakika. Msomaji asiogope kupita kiasi: akataye mbao mbili kutengeneza rafu si sawa na fundi aliyevuta vumbi kwa miaka thelathini. Bali fundi alalaye katika chumba kile kile anachofanyia kazi, pamoja na mkewe na watoto, huvuta vumbi mchana na usiku.

Basi, shauri la kwanza ni kukatia nje. Wenyeji wa ufuko wa Tanganyika hawahitaji kufundishwa habari za upepo: mchana watoka ziwani kwenda milimani, usiku hugeuka. Fundi wa mchana na aweke meza yake upande wa nyumba uelekeao milima, ili unga uchukuliwe mbali na mlango. (Lakini kwanza atazame jirani ameanika nini!)

Ikiwa hapana budi kukatia ndani, toa kwanza watoto, matandiko, chakula na mitungi ya maji. Funika mlango wa kwenda vyumba vingine kwa shuka iliyolowa, ifike mpaka chini. Fungua dirisha la upande ule upepo uendako. Chini ya meza ya msumeno weka kasha wazi, na pande tatu za meza ning'iniza turubai, ili unga urushwao chini uangukie kashani badala ya kutawanyika. Noa meno: msumeno mkali hutoa chembe nene, ule butu husaga unga laini na kuunguza ubao. Kupiga msasa kwa mashine ni kubaya kuliko kukata. Kazi hiyo na ingoje jua, ifanyike nje. Leso iliyofungwa puani huzuia chembe kubwa tu; barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2, ikikaa sawasawa usoni, huzuia na zile ndogo.

Jenereta isiingizwe ndani kamwe, wala isiwekwe barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua jamaa nzima usingizini.

Kazi ikiisha, zima msumeno na kuuondoa, kisha uache dirisha wazi kwa muda mrefu. Usifagie pakavu, maana ufagio huurudisha unga hewani. Nyunyiza maji sakafuni, fagia taratibu, halafu pangusa rafu na kuta kwa kitambaa kilicholowa. Fundi naye abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Unga usirundikwe karibu na mafiga. Vumbi la mbao likijaa hewani hushika moto kwa ghafula kama baruti: tarehe 17 Julai 2015 kiwanda cha kusaga unga wa mbao huko Bosley, Uingereza, kililipuka, watu wanne wakafa.

Lakini ukikusanywa vema una kazi yake. Chukua mkebe mkubwa, toboa tundu ubavuni karibu na chini, simamisha chupa katikati, na kijiti kipite tunduni hata kuigusa. Shindilia unga mkavu pande zote, kisha vuta chupa na kijiti. Washa kwa kibanzi kupitia tundu lile, nje ya nyumba. Moto utawaka polepole, ukiivisha maharagwe bila kuchochewa. Unga wa mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa usitumiwe hivyo, wala usitandikwe katika banda la kuku.