Mipaka Isiyo na Ukuta

Mbwa akojoaye penye nguzo hafanyi utundu. Anawaarifu mbwa wengine kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Mwaka 1920 Bwana Eliot Howard, Mwingereza, alieleza kitabuni mwake kwamba ndege dume naye huimba, pamoja na kumwita jike, ili kuwaonya madume wenziwe wasiingie katika eneo lake. Wimbo, basi, huepusha damu.

Binadamu ana alama zake pia. Katika mtaa wa Kaloleni, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1940, nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vya watu wote. Mama afagiapo mbele ya mlango wake, fagio huchora mpaka, pengine mkali kuliko ua wa michongoma, na mgeni hupita kando bila kuambiwa. Bali uwanja wa wote haukuwa na wa kuulinda. Ndipo vibanda vya mabati vilipoota, vikipunguza mahali pa watoto kuchezea.