Breki na Gia kwenye Wenzo Mmoja: Mbona Mlimani Hazikukubalika?

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa karne hii ungeweza kununua baiskeli ghali ya milimani, ukapapasa chini ya usukani, na usikute wenzo wa gia mahali ulipouzoea? Wenzo wa breki ndio uliobadili gia. Ukiuvuta kuelekea usukani, breki inashika. Ukiubonyeza kwenda chini, waya wa gia unavutwa. Ukiuinua kwa migongo ya vidole, waya unalegea. Mfumo huu uliitwa Dual Control. Kampuni ya Shimano ya Japani iliuleta pamoja na seti yake ya XTR ya mwaka 2003, kilele cha vifaa vyake vya milimani, kisha ikaushusha hadi kwenye seti za bei ya kawaida. Seti ya XTR ya mwaka 2007 ilimwachia mnunuzi achague mwenyewe. Iliyofuata, ya mwaka 2011, haikuwa nao kabisa.

Wahandisi hawakukurupuka. Walikuwa na ushahidi mzito kutoka barabarani. Kwa miongo mingi, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyetaka kubadili gia ilimbidi aachie usukani kwa mkono mmoja, ainame, na kushika kijiti kidogo kilichofungwa kwenye bomba la fremu. Mwaka 1990 Shimano ilihamishia kazi hiyo kwenye nyenzo za breki za seti ya Dura-Ace. Campagnolo ya Italia ikajibu mwaka 1992, na SRAM ya Marekani ikaingia uwanjani mwaka 2006 kwa mtindo wake. Hivi leo ni vigumu kuona baiskeli mpya ya mashindano ya barabarani isiyokuwa na breki na gia mahali pamoja. Ubingwa wa dunia wa barabarani uliofanyika Kigali Septemba 2025, wa kwanza barani Afrika, uliendeshwa kwa mtindo huo. Kama kitu kimeshinda kwenye lami kiasi hicho, kwa nini kisipande mlima?

Mlima ulikuwa na historia yake. Baiskeli ya milimani kama tunavyoijua ilikulia Marin, kaskazini mwa San Francisco, ambako kuanzia Oktoba 1976 vijana walishindana kuteremka njia ya vumbi iliyoitwa Repack, inayoshuka takriban mita 400 kwa umbali wa kilomita tatu na ushei. Wengi wao walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo ilichemka mpaka grisi ikatoka moshi, na baada ya mbio ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Gia na breki za mkono vilikuja kwa kuongezewa, kimoja kimoja, kutoka kwenye masanduku ya vipuri. Shimano ilipotoa seti yake ya kwanza ya milimani, Deore XT ya mwaka 1982, nyenzo za gia zilikaa juu ya usukani, karibu na kidole gumba. Baadaye zikahamia chini yake. Kwa vyovyote, mgawanyo wa kazi ulikwishawekwa: vidole vinashika breki, gumba linashughulika na gia.

Kiini cha suala, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo wengi hulipita wanapojadili kifaa hiki: wenzo unasogea upande gani, na mtikisiko unatoka upande gani.

Kwenye usukani wa mashindano ya barabarani, ule unaopinda kuteremka, wenzo wa breki umesimama wima. Kubadili gia ni kuusukuma pembeni, kuelekea katikati ya baiskeli. Shimo au kokoto hurusha mkono juu na chini, kwa hiyo mshtuko na mwendo wa gia havifuati mstari mmoja. Mkono ukirushwa, gia haijali.

Kwenye usukani ulionyooka wa baiskeli ya milimani, wenzo umelala. Ukitaka ufanye kazi ya pili, huna pa kuusogeza ila juu na chini, na huo ndio mwelekeo hasa ambao mawe na mizizi vinatupa mkono. Mtu anateremka kwa kasi, vidole viko kwenye breki, gurudumu linagonga jiwe, uzito wa vidole unausukuma wenzo, na gia inahama bila kuombwa. Hata anayekusudia kubadili gia analazimika kupima nguvu ya vidole vilevile ambavyo sekunde hiyohiyo vinapima nguvu ya breki. Umewahi kujaribu kuandika ujumbe wa simu ndani ya basi kwenye barabara ya makorongo? Kidole kinajua herufi inayotakiwa, lakini basi nalo lina maoni yake.

Wakati huohuo breki zenyewe zilikuwa zinabadilika. Breki za kubana rimu zilihitaji vidole viwili au vitatu. Breki za diski zinazosukumwa kwa mafuta zinatosheka na kimoja. Vidole vingine vikarudi kushika usukani barabara, na gumba likabaki huru palepale lilipokuwa. Dual Control ilikuja kuokoa mkono uliokuwa umeelemewa na kazi, mwaka uleule kazi yenyewe ilipokuwa ikipungua.

Palikuwa na kero nyingine pia. Mara nyingi mfumo huu uliuzwa pamoja na kifaa cha kuhamisha mnyororo ambacho springi yake ilivuta kwenda sproketi kubwa, kinyume na mazoea, kwa hiyo mtu alitakiwa kujifunza mambo mawili mapya kwa mpigo. Zaidi ya yote, gia zilifungishwa ndoa na breki. Aliyependa breki za mafuta za kampuni nyingine hakuwa na njia, na aliyeanguka akavunja wenzo alipoteza vyote viwili.

Hata hivyo wapo walioupenda, na sababu zao ni za msingi. Mtu mwenye gumba linalouma au lisilokunjika vizuri aliweza kubadili gia siku nzima bila maumivu. Kwenye kupanda taratibu, vidole havikuhama mahali pake. Mfumo haukuwa mbovu; ulielekezwa mahali pasipoufaa.

Tangu hapo vifaa vya milimani vimezidi kutengana. SRAM ilipotoa XX1 mwaka 2012, ikiwa na sproketi moja tu mbele na gia 11 nyuma, wenzo wa gia wa kushoto ukakosa kazi, na nafasi yake wengi wakaweka wenzo wa kushusha kiti wakati wa kuteremka. Gia za umeme zilifika kwenye XTR mwaka 2014, na zisizo na waya kabisa kwenye vifaa vya SRAM vya milimani mwaka 2019. Kila mara kitufe kimebaki chini ya gumba. Vinachoshirikiana breki na gia siku hizi ni kibanio kwenye usukani, basi.

Lakini ukienda kwenye mbio za njia za changarawe, kama Migration Gravel Race inayopita maeneo ya Maasai Mara nchini Kenya, utakuta vumbi, mawe, na breki na gia vimeungana kwenye wenzo mmoja bila malalamiko. Shimano yenyewe ina seti ya kazi hiyo, GRX, tangu 2019. Usukani wake umepinda, wenzo umesimama wima. Njia ni mbovu, mwelekeo ni sahihi.

Ukikutana na Dual Control kwenye baiskeli ya mtumba, angalia kwanza breki ni ya aina gani. Ikiwa ni ya waya, kubadilisha ni rahisi: wenzo wa kawaida wa breki na wenzo wa gia wa gumba, vyote vinapatikana. Ikiwa ni ya mafuta, jiandae kununua breki nzima. Na ikiwa mnyororo unakimbilia sproketi kubwa waya unapolegezwa, wenzo mpya utafanya kazi vizuri tu, ila gia nzito zitakuwa upande uliotarajia nyepesi.