Kunywa Kabla ya Kiu: Funzo la Njia ya Changarawe Huko Ufaransa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawapeleka mbali kidogo, hadi kusini mwa Ufaransa. Huko ndiko sisi wauguzi wawili, tuliozoea kufundisha wengine, tulikofundishwa somo ambalo tulidhani tunalijua.

Siku hizi huko Ulaya watu wengi wanapenda kuendesha baiskeli nje ya lami, katika njia za changarawe zinazopita mashambani na katika vijiji vya kale. Baiskeli inayotumika ina usukani uliopinda kuelekea chini kama ile ya mashindano, lakini matairi yake ni mapana zaidi, milimita 35 hadi 50 hivi, ili yasizame kwenye mchanga wala kuteleza kwenye kokoto. Wanaokwenda si vijana peke yao. Wamo wazee waliostaafu, wamo akina mama, na wamo watu walioambiwa na daktari kwamba moyo wao unahitaji mazoezi.

Mwezi wa Julai 2018 tulialikwa na rafiki yetu Mfaransa, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi pamoja nasi na anayekijua Kiswahili. Sisi wawili tulikuwa tumegusa miaka 50, naye alikuwa ametutangulia kwa zaidi ya miaka 10. Tulikodi baiskeli tukaifuata njia ya kando ya mfereji uitwao Canal du Midi, kutoka Castelnaudary hadi Béziers. Ni kilometa 140 na kitu, tukazigawa kwa siku 4.

MFEREJI NA WALIOUCHIMBA

Mfereji huu una urefu wa kilometa 240. Unaanzia mji wa Toulouse na kuishia katika wangwa wa Thau, karibu na bahari ya Mediterania. Aliyeubuni ni Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers. Kazi ilianza mwaka 1666, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1681. Riquet mwenyewe hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1680. Njia tuliyoipita ndiyo ile ambayo zamani farasi walitembea wakivuta mashua kwa kamba.

Jambo moja lilitugusa sana. Kazi ilipopamba moto, vibarua walifika kama 12,000, wanaume kwa wanawake. Riquet aliwalipa hata siku za mvua, siku za Jumapili na sikukuu, na hata siku walizokuwa wagonjwa. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni. Alijua kwamba mwili uliopumzika ndio unaochimba vizuri kesho. Laiti na sisi tungalikumbuka hilo mapema!

SIKU MBILI ZA KWANZA

Siku ya kwanza tulitoka Castelnaudary, mji unaojulikana kwa chakula chao cha maharage meupe yaliyopikwa polepole pamoja na nyama ya bata na ya nguruwe. Mwenyeji wetu alitukataza kukila asubuhi. "Kina dada, hicho ni cha jioni," alisema. Ni kweli, kwani chakula kizito chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na anayekanyaga pedali hujisikia mzito na mwenye kichefuchefu. Tulikula mkate, ndizi na jibini kidogo.

Tulipita Bram, kijiji ambacho nyumba zake zimejengwa kwa duara, safu baada ya safu, kulizunguka kanisa lililo katikati. Jioni tulifika Carcassonne, mji wa ngome yenye kuta mbili na minara 52. Macho yalifurahi, lakini mikono ililalamika. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimekufa ganzi. Sababu ni kwamba mtikisiko wa changarawe na uzito wa mwili hugandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Siku ya pili tulipunguza upepo kidogo kwenye matairi, tukainua usukani, tukawa tunabadilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Ganzi ikapungua. Hata hivyo, ganzi isiyoisha baada ya siku kadhaa za kupumzika yafaa ionwe na daktari.

SIKU YA TATU

Siku ya tatu tulitoka Homps kwenda Capestang, kilometa 44. Mbele kidogo ya Homps, ukishapita Argens, huanza sehemu ndefu ya kilometa 54 ambayo mfereji hauna lango hata moja la kupandishia mashua. Hatukuona ubaya wowote. Kumbe palipo na lango huwa na nyumba ya mlinzi, na penye nyumba huwa na kivuli na pengine bomba la maji. Pasipo na lango mtu anajitegemea.

Aidha, njia hii zamani ilikuwa na kivuli cha miti mikubwa mno iliyopandwa pande zote mbili. Mwaka 2006 iligundulika kwamba miti hiyo imeingiliwa na ugonjwa wa kuvu usio na dawa, na tangu hapo maelfu kwa maelfu imekatwa. Mingine inapandwa, lakini bado ni michanga. Kwa hiyo jua lilitupiga tangu asubuhi.

Tulipofika Le Somail, penye daraja la mawe la karne ya 17, mwenyeji wetu alitushauri tupumzike hadi alasiri. Mwenzetu akasema, "Bado tuna nguvu, dada. Tusonge mbele." Nasi tukamuunga mkono, kwa sababu tuliona aibu kuonekana wazee. Hatukujaza hata chupa zetu.

Baada ya saa moja mwenzetu alinyamaza. Kisha akaanza kuyumba. Tulipomshika alikuwa ametota jasho, uso umempauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, naye akalalamika kichwa na kizunguzungu. Chupa zetu mbili zilikuwa tupu.

Tulimlaza chini ya daraja penye kivuli, tukamwinua miguu, tukamlegeza nguo na kumpepea. Vitambaa tulivilowesha kwa maji ya mfereji tukamwekea shingoni na kwapani. Maji hayo hayafai kunywa, kwani mikojo ya panya huweza kuyatia vijidudu vya maradhi. Aliyetuokoa ni mwenyeji wetu. Alikuwa ameficha mkobani chupa moja ya lita 1, pamoja na sukari na chumvi. Tukamchanganyia mgonjwa wetu kinywaji kile kile tunachowafundisha akina mama wodini kila siku: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akanywa kidogo kidogo. Baada ya nusu saa rangi ilimrudia. Tukangoja jua lipungue, tukaingia Capestang jioni tukisukuma baiskeli kwa miguu.

Usiku ule hatukuzungumza sana. Wauguzi wenye miaka mingi kazini tulikuwa karibu kumpoteza mwenzetu kwa kukosa kitu tunachokigawa kwa wengine bure. Angeanza kuweweseka, au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka moto, ingekuwa hali ya kifo. Hapo hakuna kungoja. Mgonjwa hupozwa mara moja kwa maji, hanyweshwi kitu akiwa hana fahamu, na huitwa msaada. Huko Ufaransa namba ya simu ya wagonjwa wa dharura ni 15, na 112 hutumika Ulaya yote. Wala si tishio la maneno. Tarehe 28 Juni 2019, mwaka mmoja tu baada ya safari yetu, joto lilifika nyuzi 46 huko Vérargues, katika eneo hilo hilo la kusini.

MASHAURI KWA ATAKAYEKWENDA

Mfaransa mmoja, Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853 na kufariki 1930, aliendesha gazeti la waendesha baiskeli katika mji wa Saint-Étienne. Yeye aliwausia wenzake wanywe kabla ya kuona kiu, wale kabla ya kuona njaa, na wasiendeshe kwa ajili ya majivuno.  Kwa hiyo:

1. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari, na yeyote aliyevuka miaka 40 bila kuzoea mazoezi, apimwe kwanza. Kisha ajizoeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

2. Wakati wa joto beba maji ya kutosha nusu lita hadi lita 1 kwa kila saa, na unywe mafunda machache kila baada ya dakika 15. Kula kitu kidogo kila saa.

3. Jaza chupa kila upatapo nafasi. Katika vijiji vya Ufaransa makaburini huwa na bomba la maji, lakini soma kibao kwanza. "Eau potable" ni maji ya kunywa. "Eau non potable" usiyanywe.

4. Anza alfajiri, pumzika mchana. Maduka mengi ya vijijini hufungwa saa za mchana, hivyo nunua mkate mapema.

5. Vaa kaptula yenye sponji bila chupi ndani, na uifue kila siku. Hivyo utaepuka majipu ya makalio.

6. Ukianguka, osha jeraha kwa maji safi mpaka kokoto zote zitoke. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

7. Jioni kagua mwili kama kuna kupe, hasa ukipita vichakani. Mng'oe taratibu kwa kibanio. Ukiona wekundu unaopanuka siku zinazofuata, nenda kwa daktari.

Siku ya nne zilibaki kilometa 19 tu. Tuliondoka mapema, tukafika Fonserannes, ambako mashua hushuka kama kwa ngazi, lango baada ya lango, kuelekea Béziers. Mjini tuliiona sanamu ya Riquet. Mwenzetu alisimama mbele yake muda mrefu, chupa ya maji mkononi, akasema, "Huyu mzee aliwalipa watu wapumzike. Sisi tulipewa mapumziko ya bure tukayakataa."

Tangu siku hiyo, tunapomweleza mama wodini habari za maji ya sukari na chumvi, tunasema kwa unyenyekevu zaidi.