Wakala mwaminifu ni ngao ya mwanariadha

MWANARIADHA anayeshinda marathon ng'ambo hafungashi kitita chake siku hiyo. Waandaaji wa mbio kubwa huzuilia zawadi hadi matokeo ya uchunguzi wa dawa za kusisimua misuli yatolewe, na muda huo waweza kuwa miezi. Fedha zikipitia kwa wakala, mwanariadha hujua zimefika iwapo tu ataambiwa. Hapo ndipo uadilifu hupimwa.

Tuchukue mfano wa Boston Marathon 2023, ambako mshindi alitengewa Dola 150,000. Wakala wa riadha kwa desturi hutoza asilimia 15. Kwa kiwango hicho, fungu lake ni Dola 22,500. Kodi nayo hukatwa ugenini. Wakala mwaminifu huonyesha stakabadhi za kila makato. Laghai hutaja tu kilichosalia.

Shirikisho la Riadha Duniani huwataka mawakala kufanya mtihani na kuidhinishwa. Hata hivyo, cheti hakimpi mtu dhamiri. Mnamo Aprili 2015, Chama cha Riadha Kenya (AK) kilisimamisha kampuni mbili za mawakala wa kigeni kwa miezi sita, kupisha uchunguzi kufuatia ongezeko la visa vya dawa hizo.

Kinga ya kwanza basi i mikononi mwa mkimbiaji mwenyewe: adai mkataba wa maandishi, atafute wakili kabla ya kutia sahihi, ahifadhi nakala na aitishe hesabu kila baada ya mashindano. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.