Meno bandia: Ya kuvaa na kuvua, au ya kushikizwa kwenye taya?

GITEGA/MUYINGA. Mfanyabiashara wa mpakani anaishi kwa mdomo wake. Kwa mdomo huo anavutana bei ya maharage sokoni Gitega, anaeleza mzigo wake mbele ya ofisa wa forodha pale Kobero, kisha anampigia simu mteja aliyeko Ngara au Kahama. Meno yakimwisha, hasara haiishii kwenye tabasamu. Maneno yanatoka nusunusu, mshikaki wa mbuzi unakuwa adui, na mtu aliyezoea kuongea anaanza kuziba mdomo kwa kiganja.

Hali hii inawapata wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inakadiria kuwa karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi hawana jino hata moja. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, kiwango hicho kinafika karibu asilimia 23. Wengi wamefikishwa huko na meno yaliyooza na ugonjwa wa fizi ambao haukutibiwa mapema.

Anayetaka kurudisha meno ana njia mbili kubwa.

Tofauti iko wapi?

Meno bandia ya kawaida hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu, na hukaa juu ya fizi. Ya juu hushikwa na mate na mfyonzo wa hewa kwenye paa la kinywa. Ya chini hayana paa la kushikilia, na ulimi huyasukuma kila mtu anapozungumza. Ndiyo maana malalamiko mengi hutoka taya la chini.

Njia ya pili ni vipandikizi. Daktari huingiza skrubu ndogo, kwa kawaida za titaniamu, ndani ya mfupa wa taya. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ndiye aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa huota na kushikamana na madini hayo. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Meno bandia hubanwa juu ya vipandikizi hivyo kama kifungo cha koti, na mwenyewe huyavua kuyasafisha. Yapo pia yasiyovuliwa, ambayo huhitaji vipandikizi vinne au zaidi na fedha nyingi zaidi.

Mwaka 2002, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal nchini Kanada, walitamka kuwa kwa asiye na meno kabisa, vipandikizi viwili vya taya la chini vinapaswa kuwa chaguo la kwanza. Taya la juu, kwa watu wengi, hutosheka na meno ya kawaida. Hiyo ni njia ya kati ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: si lazima kinywa kizima kijazwe skrubu.

Hesabu ya mtaji na safari

Hapa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kupiga hesabu kama anavyopigia mzigo. Meno ya kawaida ni nafuu mwanzoni, na kazi huisha kwa kumwona daktari mara chache. Lakini mfupa wa taya lisilo na meno huendelea kupungua mwaka hadi mwaka, hasa la chini. Meno yaliyokaa vizuri leo yatalegea, yatahitaji kujazwa upya kwa ndani, na baada ya miaka kadhaa kutengenezwa mengine.

Vipandikizi hupunguza upungufu huo wa mfupa pale vilipowekwa, na vikitunzwa vingi hudumu zaidi ya miaka 10. Gharama yake, hata hivyo, inaweza kumeza mtaji. Muda nao ni gharama: baada ya upasuaji, mfupa huachwa ushikamane kwa miezi mitatu hadi sita kabla ya kazi kukamilika katika hali nyingi. Kwa mtu wa Muyinga anayetibiwa ng'ambo ya mpaka wa Kobero na Kabanga, hiyo ni nauli, malazi na siku za soko zilizopotea, tena si mara moja. Vipuri vidogo vinavyobana meno navyo huchakaa na kubadilishwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza bei ya safari nzima: picha ya eksirei, upasuaji, meno yenyewe, vipuri na ukaguzi wa kila mwaka. Uliza pia nani atakuhudumia kipuri kikilegea ukiwa Gitega na aliyekuwekea yuko mji mwingine. Dai karatasi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi, aina na ukubwa wake. Skrubu za kampuni moja mara nyingi haziingiliani na vifaa vya nyingine, na bila karatasi hiyo daktari wa upande wa pili atabaki akikisia. Itunze pamoja na hati zako za kusafiria.

Asiyefaa kukimbilia

Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya vipandikizi kushindwa. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, amweleze daktari mapema. Na kipandikizi hakiozi, lakini fizi inayokizunguka huugua ikiachwa chafu.

Kwa wengi, utaratibu wa busara ni kuanza na meno ya kawaida yaliyotengenezwa vizuri na kuyapa miezi kadhaa kuyazoea. Taya la chini likiendelea kusumbua, muulize daktari kuhusu vipandikizi viwili. Mara nyingine meno yaleyale huweza kurekebishwa yakabanwa juu yake. Usingoje miaka 20, kwa sababu mfupa wa kushikia skrubu utakuwa umepungua.

Njia yoyote utakayochagua, meno ya kuvua yasilale mdomoni usiku. Yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni, yalazwe kwenye maji safi. Yakivunjika, usiyaunge kwa gundi ya dukani, wala usiyachonge kwa kisu yanapouma. Rudi kwa aliyeyatengeneza.

Wenye mtaji mdogo wasione aibu kuchagua ya kawaida. Meno ya akriliki yaliyopimwa vizuri na kukaguliwa kila mwaka yanamfaa mtu kuliko vipandikizi vya mkopo ambavyo hakuna wa kuvihudumia kati ya Gitega, Karuzi na Muyinga.