Kinga ni ya wasichana pia



Ufaransa kuna njia za kinga zisizoruhusu motokari wala pikipiki. Nyingi zilikuwa reli: vyuma viliondolewa, zikawekwa changarawe au lami. Kwa kuwa reli hupanda mlima polepole, hata mtoto anaweza kuzipita.

Karibu nasi, ng'ambo ya Ruzizi, kuna njia ya Congo-Nil: kilomita 227 toka Rubavu mpaka Rusizi, juu ya vilima vya Ziwa Kivu. Kule Kigali, tangu 2016, kuna Jumapili asubuhi ambazo barabara fulani hufungwa, familia zinatembea na kuendesha kinga.

Bagira milima tunayo, changarawe pia. Kinachokosekana ni usalama. Tunamwambia binti kwamba kinga ni ya wavulana, kumbe tunaogopa pikipiki. Kaka yake anajifunza, yeye anabaki kubeba mizigo kichwani.

Vikundi vyetu vimwombe mkuu wa avenue afunge kipande kimoja cha njia, saa mbili tu kila Jumamosi. Mzazi mmoja asimame kila upande. Kabla ya kupanda, tukague freni zote mbili, maana hapa kwetu hatari iko kwenye kushuka. Binti ajifunze kusimama kwanza, mwendo utakuja.