Ngoma Inapoa Mtungini

Msomaji mmoja ameniuliza: mtungi wa bibi yake hauna waya wala barafu, mbona maji yake ni baridi kuliko ya ndoo ya plastiki iliyo kando yake? Swali hili nimelingojea kwa miaka.

Kwamba chembe za yabisi zimeshikana, za kimiminika zinateleza na za gesi zinatawanyika, hayo tulikaririshwa shuleni, tuyaache. Utamu uko kwingine: molekuli za maji yale yale, yenye joto lile lile, hazina mwendo mmoja. Kwenye nyuzijoto 30 za Selsiasi wastani wa kasi yake ni mita 600 hivi kwa sekunde, lakini humo zimo zinazojikokota na zimo zenye mbio za ajabu. James Clerk Maxwell, Mskoti, alilipigia hesabu jambo hili kwa upande wa gesi mwaka 1860.

Sasa fikiria ngoma. Uwanja umefurika, wachezaji wameshikana mikono. Walio katikati hawatoki, wamezingirwa. Walio pembeni wameshikwa upande mmoja tu, hata hivyo anayecheza kwa kujivuta hachomoki. Anayechomoka ni yule aliyepandisha, aliyepigwa vikumbo na wenzake mpaka akapata msukumo wa kuikwanyua mikono yote kwa mpigo. Akienda, ameenda na nguvu zake, na waliompiga vikumbo wamebaki na kasi pungufu. Anafuata mwingine wa aina hiyo, halafu mwingine. Ngoma haikuvunjwa na mtu, mdundo haukubadilika, ila wenye moto wao wametoka nao nje. Ngoma imepoa. Na maji nayo ndivyo yanavyopoa.

Mtungi huipa ngoma hii ukingo mpana. Udongo uliochomwa una vinyweleo, maji yakapenya taratibu hadi nje. Pitisha kiganja tumboni mwa mtungi asubuhi: utahisi unyevunyevu, utaona udongo umekoza rangi, na huko chini limening'inia tone. Tumbo lote hilo ni mahali pa kuchomokea. Ndoo ya plastiki ina mdomo wake tu.

Vitabu huliita jambo hili uvukizaji. Neno hilo linanikera kidogo, kwa sababu lina "-iza" ndani yake, kana kwamba yupo anayeyavukiza maji kama mtu afukizavyo ubani. Mtungini hakuna jiko wala mkono wa mtu. Mimi ningesema uvukaji: molekuli inavuka mpaka kwa nguvu zake yenyewe, na nauli yake ni joto.

Nauli yenyewe si haba. Gramu moja ikivuka, huondoka na takriban jouli 2,430. Kuipoza lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka jouli 4,200 hivi. Basi mtungi wa lita 10 hushuka nyuzi nzima kwa kupoteza gramu 17 tu, vijiko vya chai vitatu na nusu.

Masika ya pwani, hewa ikiwa imeshiba unyevu, waliotoka hurudi kwa wingi na mtungi hauvumi sana. Kiangazi cha Dodoma ndicho chake.

Nifikishie shikamoo kwa bibi. Mwambie auweke mtungi kivulini, penye upepo, na asikubali mtu aupake rangi ya mafuta: itaziba vinyweleo.